Wasia wa Mwana Kupona na Urithi wa Mama wa Rufiji

Tunapotaja washairi wa Kiswahili wa karne ya 19, majina ya wanaume hutujia midomoni bila kutafutwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa hutajwa kwanza, kisha hufuata mabingwa wengine wa Lamu na Pate. Mwanamke anayetajwa pamoja nao karibu kila mara ni mmoja tu, naye ni Mwana Kupona binti Msham. Utenzi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake umenakiliwa kwa mkono katika nyumba za visiwa vya kaskazini, umepigwa chapa, umefasiriwa kwa lugha za kigeni, na umeingia katika masomo ya fasihi ya vyuo vyetu. Jina la mtunzi limekuwa mashuhuri kuliko maisha yake, na mara nyingi utenzi wenyewe umesifiwa au kulaumiwa na watu waliousikia kwa mbali.

Katika makala haya tunakusudia kuupima utenzi huo na maisha ya aliyeutunga. Upimaji wetu tunaufanya tukiwa upande wa kusini wa pwani, katika nchi ya mikoko na mpunga inayoanzia Kibiti na kuteremka hadi visiwa vya delta ya Rufiji. Huenda msomaji akauliza: Rufiji ina uhusiano gani na Pate? Jibu letu lina sehemu tatu. Kwanza, Kiswahili ni lugha ya taifa letu, na urithi wake wa kale haukuishia kwenye mipaka iliyochorwa na wakoloni. Pili, neema ya miji ya kaskazini katika karne ile ilijengwa kwa sehemu kubwa na nguvu za watu waliotekwa kusini na kupelekwa kule. Tatu, akina mama wa delta nao wana wasia wao kwa mabinti zao, wasia ambao haukupata wino wala karatasi. Kuusoma wasia mmoja na kuusahau mwingine ni kuusoma utamaduni wetu kwa jicho moja.

Maisha yake

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Enzi ya Pate ilikuwa imeanza kufifia. Vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa, vilikuwa vimeivunja nguvu ya dola hiyo kongwe, na Waomani walikuwa wameipata njia ya kuingia. Lakini elimu haikufifia pamoja na dola. Mji wa Siyu, katika kisiwa hicho hicho, ulisifika kwa wanazuoni wake, kwa wanakili wa Kurani, na kwa mafundi wake wa ngozi na wa mbao.

Huko Siyu ndiko alikoolewa. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa mji huo, na Mwana Kupona alikuwa mke wake wa mwisho. Walizaa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Bwana Mataka hakuwa mtawala wa kukaa barazani akapokea salamu. Seyyid Said wa Oman alipohamishia makao yake Unguja, alitaka pwani yote iwe chini ya bendera yake, na Siyu ilikuwa miongoni mwa miji michache iliyokataa katakata. Katikati ya miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid yaliteremka kisiwani, yakashindwa, na amiri wao, Hamad bin Ahmed, akauawa. Kwa miaka mingi nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa nyumba ya mtu anayewindwa na serikali kubwa kuliko zote za pwani.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwaka huo huo Seyyid Said naye alifia baharini akirejea Unguja. Miaka miwili baadaye, mjane Mwana Kupona, akiwa mgonjwa na akihisi kwamba siku zake zinahesabika, alimwita binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka kama 17, akamtungia utenzi. Yeye mwenyewe alifariki katika muongo uliofuata, muongo ambamo Siyu nayo ilisalimu amri mbele ya Seyyid Majid, mwana wa Said.

Tarehe hizi zina maana kubwa kwa mhakiki. Utenzi huu umesimama kati ya kifo cha mume na kuanguka kwa mji. Mama aliyeutunga hakuwa na jeshi la kumwachia binti yake, wala hakuwa na hakika kwamba heshima ya jina la baba ingebaki mwaka ujao. Alichokuwa nacho ni maneno. Ndiyo maana, mwanzoni kabisa mwa utenzi, anaufananisha wasia wake na hirizi ya kufungwa kwa uzi na kidani cha lulu na marijani. Hirizi hulinda mwili uliomo hatarini, na kidani ni mali ambayo mwanamke huweza kuondoka nayo hata akipoteza kila kitu kingine. Anayetumia mifano hii miwili kwa pamoja anajua kwamba mwanawe anakabiliwa na dunia isiyo na huruma.

Umbo na maudhui

Kwa umbo, utungo huu ni utenzi wa kawaida: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani minane, vipande vitatu vya mwanzo vinakubaliana kwa vina, na cha nne kinabeba kina kimoja kinachopita katika utungo wote kama uzi katika shanga. Beti zake ni kiasi cha 100. Lahaja yake ni ya kaskazini, na msomaji wa Kibiti hana budi kuizoea kwanza, maana huko macho huitwa mato na njia huitwa ndia. Hati yake ya asili ni ya Kiarabu, kama zilivyokuwa hati zote za Kiswahili kabla ya kuja kwa herufi za Kirumi.

Maudhui yake yamepangwa kwa utaratibu. Mama anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. Anamhimiza kushika dini, kuwa na adabu na ulimi wa ukweli, kutokuwa na chuki wala umbeya. Anamtajia watano wanaostahili radhi yake: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha anafafanua namna ya kuishi na mume: kumlisha, kumpepea, kutomwamsha usingizini kwa kelele, kuuweka mwili na nyumba katika usafi, kujipamba, kutotoka bila ruhusa. Baadaye anasimulia ndoa yake mwenyewe, jinsi walivyoishi kwa furaha hadi mauti yalipowatenganisha na jinsi mume alivyoondoka duniani akiwa radhi naye. Sehemu kubwa ya mwisho ni dua: anawaombea watoto wake, ndugu zake, Waislamu wote, na anajiombea mwenyewe apone au apokelewe vyema. Anamaliza kwa kuwaalika wanawake wausome.

Wengi wanaoutaja utenzi huu hukumbuka sehemu ya mume tu. Sababu moja ni historia ya kuchapishwa kwake. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kwa Kiingereza chini ya jina linaloutaja kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo lilifunika dua, lilifunika maombolezo, na lilimfunika mjane wa Siyu. Utungo wenye nyuso nyingi ukapewa uso mmoja, na vizazi viliofuata vikaurithi hivyo. J. W. T. Allen aliutia tena katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971, ambamo uliwekwa pamoja na tendi nyingine za kale, mahali ambapo msomaji angeweza kuuona kama kazi ya fasihi na si kitabu cha nasaha za ndoa.

Hoja mbili, na ya tatu

Wahakiki wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza, ambalo sauti yake ilisikika sana katika vyuo vyetu katika miaka ya 1970 na 1980, linasema kwamba Mwana Kupona ni msemaji wa ukabaila. Alimfundisha mwanamke kunyenyekea ili tabaka la mabwana lidumu, na akaitumia dini kuwa kufuli ya mlango. Kundi la pili linapinga usomaji huo. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliwataka wasomaji waiangalie upya lugha ya utenzi huu na suala la mamlaka lililomo ndani yake, badala ya kuuona kuwa ni amri ya utii na hakuna zaidi. Wanaoielemea hoja hiyo huonyesha hasa pale mama anapomshauri binti amlee mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Je, wanauliza, mtu anayelelewa kama mtoto mchanga ndiye bwana wa nyumba, au bwana ni yule amleaye?

Sisi tunaona kwamba kila kundi limeshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba utenzi unamtaka mwanamke amtii mume, na hakuna hila ya uhakiki itakayoyafuta maneno hayo. Ni kweli pia kwamba anayesema maneno hayo ni mwanamke mwenye akili kali, ajuaye kwamba katika nyumba ya enzi yake mlango wa mamlaka ulikuwa mmoja tu, nao ulipitia kwa mume. Anachomfundisha binti ni maarifa ya kuishi, kama nahodha amfundishavyo mwanawe kusoma upepo. Nahodha hausifu upepo wala haukemei. Humwonyesha mwanawe namna ya kutweka tanga ili afike salama.

Lakini nahodha huyu alifanya jambo jingine ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha: aliandika. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, kwamba mabinti wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma lakini si kuandika, na kwamba yeye alijifunza kuandika kwa siri. Huyo alikuwa binti wa mtawala wa pwani nzima. Upande wa pili wa vita, katika nyumba ya adui wa baba yake, mjane mgonjwa anaagiza wino na karatasi kama kwamba ni jambo la kila siku, tena anaagiza viletwe na binti. Iwe mama aliandika kwa mkono wake au binti aliandika kwa imla, wanawake wawili walikaa na kalamu bila mwanamume kati yao. Utenzi unahubiri utii, ilhali kitendo cha kuutunga ni kitendo cha mamlaka. Katika mgongano huo ndimo ilimo nguvu yake, na mhakiki anayeuona upande mmoja tu hajaufikia moyo wa utungo.

Wale ambao utenzi hauwaiti

Baada ya kumpa haki yake, hatuna budi kumdai Mwana Kupona deni moja. Ndani ya utenzi anamwonya binti asijichanganye na watumwa ila wakati wa kazi. Onyo hili limepita haraka, kama jambo lisilohitaji maelezo, na wahakiki wengi nao wamelipita haraka. Kwa msomaji wa kusini haliwezi kupita hivyo.

Ni nani hao watumwa? Katika karne ya 19 bandari kuu ya biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa Kivinje. Watu walitekwa bara, hata kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakateremshwa Kilwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na ng'ambo ya Arabuni. Mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini, wafanyabiashara waliwapitisha mateka nchi kavu kuelekea kaskazini. Mwingereza Frederic Elton aliyesafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874 alikutana na misafara hiyo njiani, na idadi ya watu aliowahesabu ilifika maelfu. Njia ya nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini haiwezi kuukwepa mto Rufiji. Kwa hiyo ardhi ya Kibiti na Rufiji, ambako leo barabara kuu ya kusini inapita na daraja lililofunguliwa mwaka 2003 linauvuka mto, iliwahi kukanyagwa na miguu iliyofungwa minyororo.

Tunapousoma utenzi tukiwa na habari hii, nyumba ya Mwana Kupona inapata watu wengine ndani yake. Chakula anachoandaliwa mume kina mpishi. Maji ya kuoga yana mtekaji. Mwanamke mwungwana anaweza kukaa ndani kwa sitara kwa sababu kuna mwanamke mwingine anayetoka nje bila sitara. Huyo wa pili naye huenda alikuwa mama, na huenda naye alikuwa na binti wa kumwusia, lakini utenzi haukumwita aje karibu. Anapowaalika wanawake wote kuusoma wasia wake, neno "wote" lina mpaka usioandikwa.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu kwa sheria za leo. Tunasema ili mwalimu anayesomesha utenzi huu asije akawaambia wanafunzi kwamba hivi ndivyo alivyoishi "mwanamke wa Kiswahili". Hivyo ndivyo alivyoishi mwanamke mwungwana wa Siyu, mke wa mtawala, katika mwaka fulani wa dhiki yake. Utamaduni wa taifa hauwezi kujengwa juu ya tabaka moja likadaiwa kuwa ni watu wote.

Wasia usio na karatasi

Tuugeukie sasa wasia wa delta. Nchi hii, ambako mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania unagawanyika katika matawi kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, ina msitu wa mikoko wenye hekta zipatazo 53,000. Boriti zake zilijenga dari za nyumba za mawe za Unguja na kuvushwa hadi Arabuni. Wakazi wake, Warufiji na Wandengereko, ni wakulima wa mpunga na wavuvi, na mwanamke wa huku hakupata nafasi ya kukaa ndani kwa sitara. Yeye ndiye apandaye mpunga, ndiye apaliliaye, ndiye ashindaye juu ya dungu akiwafukuza ndege na nguruwe. Mafuriko yakija, yeye ndiye ajuaye mbegu ipi ihamishwe kwanza. Binti anayeolewa katika nchi kama hii anahitaji wasia mwingine.

Na wasia huo upo. Hutolewa katika unyago, msichana anapovunja ungo na kuwekwa ndani, kwa mdomo wa kungwi na kwa ngoma ya wanawake watu wazima. Hufundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa vitendo na kwa miiko. Mafunzo yake yanakutana na ya Mwana Kupona mahali pengi: usafi wa mwili, adabu kwa wakubwa, kuishi na mume, kuutunza ulimi. Lakini njia yake ni tofauti kabisa. Mwana Kupona anasema na binti mmoja, kwa sauti moja, na maneno yake yanabaki kama yalivyoandikwa. Kungwi anasema na mwali mbele ya kundi la wanawake, wanaitikia, wanaongeza, wanatania, na wimbo hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Kule mwanamume ni nguzo ambayo usemi wote unaizunguka. Huku, ndani ya ua wa unyago, mwanamume hayupo, na huweza hata kuchekwa.

Wala tusiupambe unyago kwa rangi usiostahili. Umekuwa pia mlango wa kuwaoza watoto mapema na kuwatoa shuleni, na katika jambo hili kungwi wa Rufiji na mama wa Siyu wanaketi mkeka mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipiga hatua kubwa kwa kuyaweka maisha ya ndoa chini ya sheria moja ya taifa, na kwa kutamka kwamba hakuna mwenzi wa ndoa aliye na haki ya kumpiga mwenziwe. Hata hivyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilishikilia uamuzi kwamba tofauti hiyo ya umri kati ya msichana na mvulana inakiuka Katiba. Kwa hiyo binti wa Kibiti anayeusoma utenzi huu darasani ana umri ule ule wa binti aliyeitwa alete wino mwaka 1858, lakini anaishi chini ya sheria nyingine na anatazamia maisha mengine. Mwalimu asiyelisema hilo waziwazi anamwacha mwanafunzi achague kati ya kumdharau bibi yake na kujidharau mwenyewe.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba, katika maandishi, mwanamke wa Rufiji amesemewa zaidi kuliko alivyosema. Vita vya Maji Maji, vilivyozuka mwaka 1905 katika nchi hii na jirani zake, vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliianza kwa mazungumzo ya wanawake wanaolalamikia njaa na kazi ya shuruti, naye alistahili sifa kwa hilo. Lakini hata huko maneno ya Bibi Kitunda ni maneno ya mwandishi mwanamume. Hata wasia kwa binti, katika maandishi ya Tanganyika, ulikuja kusikika zaidi kwa sauti ya baba: Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na alimfuata Mwana Kupona kwa umbo na kwa nia. Sauti ya mama wa kusini, kwa kalamu yake mwenyewe, bado ni pengo.

Tufanye nini?

Wapo wanaopendekeza kwamba utenzi wa Mwana Kupona uondolewe mbele ya vijana kwa sababu umepitwa na wakati. Hatukubaliani nao. Taifa lililochoma kila kitu kilichopitwa na wakati hubaki na majivu. Tukiuondoa, tutakuwa tumemwondoa mwanamke karibu pekee wa karne ile ambaye sauti yake imetufikia nzima. Wapo pia wanaotaka usomwe kama maadili ya kufuatwa neno kwa neno, hasa wanapoona ndoa za siku hizi zikivunjika. Hao nao hatukubaliani nao. Wasia uliotolewa na mama aliyekuwa akifa kwa binti asiye na mlinzi hauwezi kugeuzwa kuwa kanuni ya jamii ambayo imeahidi kuwalinda mabinti wake wote.

Tunalopendekeza ni kwamba usomwe pamoja na wenziwe. Usomwe pamoja na historia ya Siyu, ili mjane aonekane nyuma ya nasaha. Usomwe pamoja na historia ya Kilwa na njia ya Rufiji, ili wasioitwa nao waonekane. Na usomwe pamoja na wasia wa makungwi wa delta. Hili la mwisho lina haraka, kwa sababu halimo vitabuni. Wanawake wanaoyajua mafunzo hayo ni wazee, na vijana wengi wanahamia mijini. Vyombo vyetu vya lugha na utamaduni vina wajibu wa kuyakusanya, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuheshimu yale ambayo wenyewe watasema kwamba hayafai kutolewa nje ya ua. Kazi hiyo inafaa ifanywe na wanawake wa huko huko, walimu wa Kibiti na Ikwiriri na wanafunzi wa vyuo waliozaliwa deltani. Mgeni mwenye daftari huambiwa kile tu anachostahili mgeni.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumefuata mfano wa Mwana Kupona katika jambo alilolifanya vizuri kuliko yote. Hakungoja mtu amwandikie, wala hakudhani kwamba maneno ya mama kwa binti ni madogo mno kwa wino. Mama wa Rufiji amekuwa akisema juu ya dungu na ndani ya ua kwa vizazi vingi, na wasia wake una haki ya kuhifadhiwa kama ule wa Siyu ulivyohifadhiwa.